Mapezi ya Chiriku

Jumatatu, 3 Juni

Daftari hili ni la karakana. Kurasa zake za mwanzo zilikuwa na orodha ya mbao za mwaka jana. Nimezichana, potelea mbali. Nahitaji mahali pa kusemea. Mama ameniapisha nisigombane na kaka ndani ya karakana aliyoiacha baba, nami nimeapa, kwa hiyo nitagombana naye humu.

Leo amesema tena kwamba mwanangu hana miguu ya kuendeshea ubao. Amesema mbele ya mteja, huku anapangusa vumbi la msasa kwenye nyusi, kwa sauti ya mtu anayetangaza hali ya hewa. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni na ubao wake wa kuteleza mawimbini kwapani. Amesikia kila neno.

Msimu wa mawimbi umeanza. Kuna raundi tatu za mchujo wa wasichana, alama za zote tatu zinajumlishwa, na wanne wa kwanza wanaingia kwenye timu. Chiriku ana miaka kumi na saba. Mwakani atakuwa amepita umri. Kwa hiyo ni msimu huu au basi.

Jumatano, 5 Juni

Mawimbi ya goti, upepo wa hovyo. Nimefunga mapezi mbao mbili. Kaka hajasema kitu, na mimi sijamuuliza.

Jumamosi, 8 Juni

Kumbe kunyamaza kwake kulikuwa kwa muda. Leo amemsimamisha mwanangu katikati ya karakana, wateja watatu wakiwa wamekaa kwenye benchi, akamwambia achuchumae na kuinuka mara mia. Chiriku amechuchumaa mara mia. Mimi nilikuwa nimeshika brashi ya gundi, na gundi ikanikaukia mkononi.

Ngoja niandike kazi yangu ni nini, maana kaka hunieleza kila wiki kana kwamba nimeanza jana. Yeye anachonga ubao. Mimi naupaka, naupiga msasa, nafunga mapezi chini yake, matatu: mawili pembeni, moja nyuma katikati. Mapezi makubwa hushika maji, madogo huuachia ubao ugeuke. Yakikaa nyuma sana, karibu na mkia, ubao huenda moja kwa moja bila kutetereka; yakisogezwa mbele, hugeuka upesi. Basi. Hiyo ndiyo siri yote, na nimeijua tangu nikiwa na umri wa Chiriku.

Mahali pa kuyafunga sichagui mimi wala kaka. Baba alikata kipande cha plaiwudi, akakitoboa matundu. Unakilaza juu ya mkia wa ubao, unatia penseli kwenye matundu, unachimba hapo. Tunakiita kigezo. Maduka mengine wanapima kwa futi, sisi hatupimi. Kaka huwaambia wateja kwamba mbao za kwetu hazimtupi mtu, na ni kweli, mapande ya watu yanakuja kutoka mbali kuzinunua.

Jumamosi, 15 Juni

Raundi ya kwanza. Wa nane kati ya kumi na wawili.

Mawimbi yalikuwa ya kiuno, masafi, upepo umetulia. Siku ya kumfaa msichana mwepesi. Chiriku alisimama vizuri, akashuka vizuri, na kila alipotaka kuugeuza ubao urudi juu ya wimbi, ubao ulikataa. Ulikwenda mbele tu kama kabati linalosukumwa sakafuni. Nilimwona anauegemea kwa kisigino, kwa nyonga, kwa bega, na wimbi linampita. Wenzake walikuwa wanachora mistari majini, na mwanangu anasafiri.

Aliponyanyuka kutoka majini, kaka alikuwa amekunja mikono. Akawageukia watu wa duka la jirani akawaambia ubao ule ni mzima, baba yetu alishinda na ubao wa namna ileile, tatizo ni miguu. Nilikula kiapo, sawa, lakini sikuapa kwamba nitasahau.

Jumapili, 16 Juni

Anaitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi. Leo amekula, amefua, amelala, na nimehesabu maneno saba.

Alhamisi, 20 Juni

Nimempima kwenye mizani ya duka la dawa. Kilo arobaini na tisa. Mapezi aliyo nayo ni makubwa, ya mwanamume wa kilo themanini na kitu. Nimemwambia kaka kwa upole kabisa, nikamwita kaka mara mbili katika sentensi moja, kwamba mtoto anahitaji mapezi madogo. Hakuniangalia. Akasema mapezi madogo ni ya watu wanaojifunza, na kwamba ukimlegezea mtoto hatapata miguu kamwe.

Mapezi siku hizi hufungwa kwa skrubu ndani ya vikasha, unayatoa kwa ufunguo mdogo. Alipokwenda kula nikauchukua ufunguo, nikayatoa makubwa, nikatia madogo. Dakika nne. Sikumwambia.

Jumatatu, 24 Juni

Mawimbi ya goti. Ubao umelainika kidogo, Chiriku anasema anausikia mguuni. Jioni ameongea tangu tunaosha vyombo mpaka tunafunga madirisha, akaniigizia waamuzi wote watano. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 26 Juni

Hali ileile. Kaka ameona mapezi. Alitabasamu tu, na tabasamu lile silipendi.

Jumamosi, 6 Julai

Raundi ya pili. Naandika kwa hasira, nisamehewe mwandiko.

Usiku wa kuamkia leo bahari iliinuka. Asubuhi mawimbi yalikuwa yamepita kichwa cha mtu mzima. Chiriku alishuka la kwanza, akafika chini, akauegemea ubao ili ugeuke. Ulikuwa mzito kama kawaida, akauegemea zaidi, na ulipokubali mkia wote ukaachia maji, ukamteleza. Alianguka kwa ubavu. La pili hivyohivyo. Mapezi madogo hayakuwa na nguvu ya kushika mawimbi yale. Sasa ana ubao ambao haugeuki, na ukigeuka unamwangusha.

Wa tisa.

Kaka alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama, akanyoosha mkono nimpe ufunguo, kama mwalimu anayemnyang'anya mtoto mpira. Nikampa. Akautia kwenye kamba, akaivaa shingoni. Watu walikuwa wanatazama. Akasema kwa sauti ya wote kusikia:

"Dada yangu afunge mapezi. Kufikiri aniachie mimi."

Wakacheka. Nami, mjinga wa kuapa, nikacheka pia. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jumatatu, 8 Julai

Mapezi makubwa yamerudi. Chiriku anasema anataka kuacha.

Nilimkuta anapanda na kushuka ngazi za nyuma ya nyumba, mfuko wa mchanga begani, shati limelowa. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu raundi ya kwanza, kila asubuhi kabla sijaamka. Kisha akaniambia labda mjomba anasema kweli, labda wengine wanazaliwa na miguu na wengine hawazaliwi nayo.

Nilimwambia aache upuuzi. Lakini nataka kuandika ukweli humu, maana humu hakuna wa kujikosha kwake: alipogeuka kuingia ndani, niliitazama miguu yake. Niliitazama kama mnunuzi. Mimi mama yake.

Alhamisi, 11 Julai

Mvua. Hakuna mawimbi, hakuna wateja.

Ijumaa, 12 Julai

Mvua. Kaka anapiga mluzi, wimbo uleule mmoja, tangu saa mbili. Nimehesabu njia nne za kutumia patasi ambazo si za useremala.

Jumanne, 16 Julai

Mwalimu wa hesabu, mteja wa zamani wa baba, ameleta ubao wake wa kale uzibwe ufa. Baba alimchongea kabla mimi sijaanza kazi hapa. Ni ubao wa mtu mwembamba, kama yeye. Akanisifia kwamba mpaka leo unageuka kwa kuuambia tu.

Nilipomaliza kuziba, nikalaza kigezo juu ya mkia, kwa mazoea tu, kuona kama mapezi hayajahama. Matundu hayakukutana na mapezi. Nikakisogeza, nikakigeuza, nikakifuta vumbi. Hayakukutana. Na nicheke au nilie, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba ubao ndio umekosea.

Nikatafuta futi. Tuna futi moja, imejaa kutu, tunapimia madirisha. Kwenye kigezo, pezi la nyuma linakaa sentimita sita kutoka mkiani, ya pembeni ishirini na tano. Kwenye ubao wa Mwalimu, tisa na ishirini na nane. Sentimita tatu. Kwenye mapezi, sentimita tatu si kitu kidogo, ni ubao mwingine kabisa.

Nyumbani nikamuuliza mama kama anakumbuka baba alikikata lini kile kibao cha matundu. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Anakumbuka vizuri, kwa sababu jana yake mzee alikataa kula. Ubao wake alioupenda ulikuwa umepiga mwamba, ukamegeka mkia. Alikuja nao nyumbani kama amebeba mgonjwa, akasawazisha mahali palipomegeka kwa msumeno, akapaziba. Kesho yake kaka akaomba afundishwe kufunga mapezi, ndipo baba akakata plaiwudi juu ya ubao uleule na kutoboa matundu yalipo mapezi.

Nikamuuliza mkia ulimegeka kiasi gani. Mama akaonyesha kwa vidole viwili vilivyoshikana.

Ubao ulipoteza vidole viwili vya mkia, mapezi yakabaki palepale, na baba akapimia kutoka kwenye mkia uliokatwa. Tangu siku hiyo, mbao zote zilizotoka kwetu zina mapezi yaliyorudi nyuma mno. Ndiyo maana hazimtupi mtu. Ndiyo maana mapande ya watu yanazipenda, wana uzito wa kuzilazimisha. Mtu wa kilo arobaini na tisa atalazimisha na nini?

Na mikono iliyochimba vikasha vya ubao wa Chiriku ni hii ninayoandikia. Miaka kumi na moja nimeweka penseli kwenye matundu yale, na sikuwahi kushika futi.

Jumatano, 17 Julai

Nilidhani jana nimekasirika. Jana nilikuwa nacheza.

Nilikwenda mapema nimwambie kaka kwa utaratibu. Hakuwepo, alikuwa amekwenda kuchukua resini ya kupaka mbao. Nikasema ngoja nipime mbao zilizopo, nije na ushahidi. Nikapima mbao sita, zote zina sita na ishirini na tano. Ukabaki ubao wake mwenyewe, wa kijani, anaoutundika ukutani nyuma na kumkataza kila mtu kuugusa. Nikaushusha, nikaugeuza chini juu, nikaweka futi.

Nikaweka tena. Nikaenda mlangoni penye mwanga, nikaweka mara ya tatu.

Kaka alinikuta nimepiga magoti mbele ya ubao wake.

"Unatafuta nini huko?" akasema.

"Tisa," nikamwambia. "Tisa na ishirini na nane. Ubao wako tisa na ishirini na nane, kaka. Wa mtoto wangu sita na ishirini na tano."

Akaliweka chini debe la resini polepole, kama kuna mtu amelala. Nikangoja aseme ni bahati, nikangoja aseme hajui. Angesema hajui ningemwamini, nilitaka kumwamini. Akavuta stuli, akakaa.

Amejua miaka miwili. Mwaka ule baba alipofariki alijichongea ubao wa kijani, ukamchosha magoti, akajaribu kusogeza mapezi mbele kidogo kidogo. Alipofika sentimita tatu akauona unaruka. Akarudi kwenye ubao wa zamani wa baba kule ghalani, akakwangua rangi mkiani, akaona pale palipozibwa. Akapaka rangi tena.

Nikamuuliza kwa nini. Nilidhani nitapiga kelele lakini sauti ilitoka ndogo. Akasema kila ubao wetu ulioko majini umetoka kwenye kigezo kile, watu wanakuja kwa ajili ya jina la baba, angewaambiaje. Akasema kila mwezi uliopita ulizidi kufanya iwe vigumu.

"Nikisema, nitakuwa nimemfukua mzee," akasema.

"Mzee hana mchujo mwezi ujao. Chiriku anao."

Basi nikamtolea uvivu. Nikamwambia miaka miwili ya uoga nimemwelewa, mimi pia mwoga, nilicheka wenzangu waliponicheka. Lakini kumsimamisha mtoto mbele ya watu achuchumae mara mia, huku unajua? Kumwacha apande ngazi na mchanga begani, huku unajua? Hiyo si kumficha baba. Hiyo ni kutafuta mtu wa kubeba kosa, ukamchagua mdogo kuliko wote nyumbani.

Akavua ile kamba shingoni, akaweka ufunguo juu ya meza. Akasema nifanye ninavyotaka na ubao wa mtoto, ila nisiseme kwa watu. Mama naye, nilipofika nyumbani na kumsimulia, alinishika mikono yote miwili akaniomba hivyohivyo. Nisimwambie hata Chiriku kwamba mjomba alijua.

Nimekubali. Sijui kwa nini nimekubali.

Jumamosi, 20 Julai

Nimeng'oa vikasha vitatu kwa patasi, nimejaza mashimo resini. Inakauka.

Jumatatu, 22 Julai

Nimechimba vipya. Nimepima kwa futi mara tano, nimeandika namba juu ya ubao kwa penseli kubwa, wala sijazifuta. Kaka ameshinda mwisho wa karakana akipiga msasa ubao ambao ulishalainika tangu wiki iliyopita.

Alhamisi, 25 Julai

Mawimbi ya kifua. Kwa mapezi madogo matatu ubao sasa unacheza mno, mkia unatapatapa. Makubwa, unakaza. Tumejaribu ya kati pembeni na dogo nyuma. Chiriku akashuka, akageuka, akapanda juu ya wimbi, akageuka tena, kisha akakaa juu ya ubao wake kule majini, haji. Nikadhani ameumia. Alikuwa anaangalia miguu yake.

Nilimwambia mapezi yalikuwa mahali pasipo pake. Sikumwambia zaidi. Ameongea kutwa nzima, na kila neno lake zuri limenichoma.

Jumatatu, 29 Julai

Hivyohivyo. Mawimbi mazuri. Mimi na kaka tunaongea kwa vidole: hii, ile, pale.

Jumamosi, 3 Agosti

Wa kwanza.

Raundi ya tatu, mawimbi ya kichwa, na mwanangu amekuwa wa kwanza kati ya kumi na wawili. Alama zake ni kubwa kuliko za msichana yeyote msimu mzima. Sitaandika jinsi alivyoteleza, nitaharibu. Mama, ambaye haangaliagi kwa sababu ya presha, aliangalia.

Kisha wakajumlisha. Raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wa tano. Amepitwa na wa nne kwa nusu alama.

Chiriku alikuwa bado anahema, taulo kichwani, anahesabu vidole kuona kama wamekosea. Watu wa duka la jirani wakaja kumpa mkono kaka, wakamuuliza amefanyaje mtoto akabadilika hivyo. Nami nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Akasema:

"Miguu imekuja. Si niliwaambia?"

Kiapo changu kiliishia hapo. Sikupiga kelele. Niliugeuza ubao wa Chiriku chini juu mchangani, nikawaonyesha namba za penseli, nikawaambia wakapime mbao zao walizonunua kwetu, zote zina sita na ishirini na tano, zote zimekosewa, na nyingi nimezifunga mimi kwa mkono wangu. Kisha nikawaambia wapime na ule wa kijani.

Kaka akaangalia chini. Watu wakaangaliana. Chiriku akanitazama, kisha akamtazama mjomba wake, na nikaona jinsi anavyoelewa, taratibu, kitu kimoja baada ya kingine.

"Mjomba, ulikuwa unajua?" akamuuliza.

Kaka akageukia bahari.

"Nilikuwa nakuomba radhi," Chiriku akasema. "Kila nikitoka majini nilikuwa nakuomba radhi kwa ajili ya miguu yangu."

Akachukua ubao wake akaondoka. Mama akaniambia nimeivunja nyumba. Nikamwambia nusu alama, mama. Nusu alama.

Jumapili, 4 Agosti

Chiriku hajatoka chumbani. Hata mimi ana neno nami: kwa nini nilimficha siku kumi na saba. Sina jibu zaidi ya lile la kaka, kwamba kila siku iliyopita ilizidi kufanya iwe vigumu. Nimemwambia hivyo. Akageukia ukuta.

Jumatatu, 5 Agosti

Nilipofika karakanani asubuhi kulikuwa na mbao kumi na nne zimeegemezwa ukutani nje, na wenyewe wamekaa kando yake. Mmoja alikuwa amekuja na futi yake. Hawakuwa na kelele. Walitaka mapezi yasogezwe.

Kaka alikuwa katikati ya mlango. Amezeeka siku mbili hizi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, mbele yao wote:

"Tuanze na upi?"

Nikamwambia sitagusa hata pezi moja. Mbao kumi na nne, arobaini, mia, zitakaa hapo mpaka nyasi ziote, kama yeye hajakwenda nyumbani kumwambia mtoto kwamba miguu yake haikuwa na kosa. Si mimi nimwambie, si mama. Yeye. Kwa maneno hayohayo.

Akavua aproni akaondoka, na wateja wakampisha. Nilikaa kwenye benchi pamoja nao.

Alirudi baada ya nusu saa, macho mekundu, kiatu kimoja kimefunguka kamba.

"Nimemwambia," akasema. "Hajanijibu."

Nikamwambia hakuna aliyemwahidi jibu. Nikampa patasi, nikachukua futi, tukaanza na ubao wa karibu na mlango.